Nikumbushe Baadaye

Dutwa, Bariadi
27 Aprili 2025

Mwanangu Laurean,

Mwangaluka. Najua salamu hii ya asubuhi utaisoma jioni umetoka kazini, lakini mimi naandika asubuhi, na salamu hufuata mwandishi. Huku tu wazima. Mzee Maganga goti linamsumbua akikaa, akisimama kucheza ngoma haliumi, kwa hiyo nimeacha kumhurumia. Pamba ya bondeni imeanza kupasuka. Yule ng'ombe mwekundu aliyekukimbiza mpaka ukapanda juu ya trekta la watu amezaa ndama jike, na hasira anazo vilevile. Baba yako nilimkuta Kiloleli Jumatatu ya Pasaka. Bado anafundisha dini, na bado anawafokea wanafunzi wake utadhani wamemwibia kuku.

Usinitumie tena ujumbe wa kuniuliza kwa nini siandiki kwenye simu. Tulizoeana kwa barua ulipokuwa seminari, ambako simu zilikuwa marufuku, na mimi kwenye simu nikikasirika nakata. Kondakta wa basi la Dodoma ni mteja wangu, bahasha anabeba bure. Isitoshe barua nazichapa kwenye kompyuta ya kazini, vidole visije vikalala.

Na kompyuta hiyo ndiyo iliyonifanya niandike leo. Tangu Marcelo, huyu jirani yangu wa duka la kutoa kopi, aniunganishie intaneti yake, kila nikiwasha inaniletea ujumbe katikati ya kioo. Inasema toleo jipya la mfumo liko tayari. Chini kuna vitufe viwili, "Sakinisha sasa" na "Nikumbushe baadaye". Mimi nabonyeza baadaye, kesho inarudi. Marcelo anasema ikifika Oktoba toleo hili la zamani halitalindwa tena, virusi vitaingia kama mbuzi kwenye shamba lisilo na ua. Yeye ameshahamia toleo jipya na anajisifu mtaa mzima. Lakini ya kwake inatoa kopi tu. Ya kwangu inaongea na mashine ya kudarizi, na unajua mashine ile niliinunua mtumba kwa fundi wa Mwanza, pamoja na sidii moja ya programu iliyochakaa.

Sasa sikiliza. Kikundi cha bugobogobo cha Mzee Maganga, hawa wanaorusha majembe juu na kuyadaka, kinakwenda kushindana Nane Nane pale Nyakabindi. Wamenipa kazi ya mashati arobaini. Kifuani jembe, mgongoni jina la ngoma la kila mchezaji. Mwaka jana kundi la Selestini lilikuja na mashati yaliyoshonwa Maswa, yanang'aa, na watu wetu wakacheza na fulana za kampeni, kila mmoja ya rangi yake. Tulichekwa mpaka nikaona aibu kwenda kununua chumvi. Mashine ikigoma katikati ya kazi hii, mwenye kikundi ni mume wangu na fundi ni mimi. Nitaficha wapi uso?

Niambie basi, sasa au baadaye?

Na siku ya Pasaka nilipokupigia, aliyepokea akaniamkia "shikamoo Shangazi" kwa sauti nzuri kabisa. Ile ilikuwa redio?

Shangazi yako,
Perpetua


Dodoma
11 Mei 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia goti la Mzee lina akili kiasi hicho. Mimi ni mzima, ila upepo wa Dodoma umeniingiza mchanga mpaka kwenye chai, na maji ya bomba yanakuja yanapojisikia. Ndama mpe jina zuri, mama yake usimpe salamu zangu.

Kuhusu kompyuta: usiguse. Nakuomba. Marcelo hasemi uongo, Oktoba ni kweli. Ila kuna mambo mawili hapa na usiyachanganye. Kukaa bila ulinzi ni hatari, lakini ni hatari inayokuja polepole. Kuhama katikati ya kazi ni hatari ya leo leo. Mfumo endeshi ndio unaoziruhusu programu nyingine zote kufanya kazi, na ukibadilishwa, kila kilichoushikilia kinaweza kuteleza. Ili kompyuta iongee na mashine yako inahitaji kijiprogramu kinachoitwa draiva. Hiyo yako ilitengenezwa zamani, kwa toleo la zamani, na sijui kama toleo jipya litaikubali. Labda litaikubali. Labda halitaikubali. Mashati arobaini hayafai kuwekwa juu ya labda.

Subiri Nane Nane ipite. Kati ya hapo na Oktoba kuna nafasi ya kutosha, na nitakuongoza mwenyewe. Kwa sasa nakili michoro yako yote kwenye flashi, uifungie kabatini, halafu uchomoe intaneti ya Marcelo.

Hata mimi niko kwenye shida hiyohiyo. Ofisi inataka nihamishe kompyuta zote kabla ya Oktoba. Nimewaandikia ripoti ya kurasa kumi na nne kueleza kwa nini tusubiri kidogo.

Redio yangu ni nzima.

Mwanao,
Laurean


Dutwa
1 Juni 2025

Laurean,

Mwangaluka. Barua yako niliisoma nikicheka, Mzee akadhani ni habari za msiba wa Selestini. Kurasa kumi na nne za kusema subiri! Mimi ningeandika neno moja nikaenda kulala.

Habari za hapa ni njema. Soko la pamba limefunguliwa, barabara imejaa baiskeli zenye marobota makubwa kuliko waendeshaji. Ndama tumemwita Dodoma kwa sababu hatulii na anarusha vumbi.

Nimekusikia. Nimenakili michoro kwenye flashi, imo kabatini ndani ya kopo la vifungo. Intaneti sijachomoa. Wachezaji wananitumia majina yao ya ngoma kwa simu, na kila mtu anabadilisha jina lake mara mbili kwa wiki. Mmoja alitaka "Radi", akasikia mwenzake naye ni Radi, sasa anataka "Radi ya Kwanza". Nitafanyaje bila intaneti? Ujumbe ule ukija nabonyeza baadaye, naendelea na kazi. Mashati kumi na moja yameshatoka, na ukiyaona utalia.

Lakini kuna jambo katika maneno yako halinikai sawa. Wewe unasema subiri mpaka ijulikane kama ni salama. Kila mtu akisubiri, atajua nani? Mzee Maganga mwaka jana aliletewa mbegu mpya ya pamba. Hakuikataa, hakupanda shamba zima. Alikata kijisehemu pembeni, upande wa barabara, kutoka mwinuko mpaka bondeni, akapanda humo, kwingine kote akaweka ile tuliyoizoea. Sasa ameona. Bondeni imezaa vizuri, kwenye mwinuko imedumaa. Novemba anajua aiweke wapi. Huko ofisini hamna pembe ya shamba?

Halafu hii redio yako ina jina? Kwao ni wapi? Inasali wapi? Baba yako ameniuliza mara tatu kama una mtu, nami nimemjibu mara tatu kwamba sijui, na sipendi kusema uongo kwa katekista, hata akiwa kaka yangu.

Perpetua


Dodoma
15 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo, na shikamoo kwa Mzee Maganga, ambaye pembe ya shamba lake imenitia aibu mbele ya mkuu wangu wa kazi. Nilimweleza wazo hilo kama langu, akaniuliza kwa nini halikuwemo kwenye zile kurasa kumi na nne.

Nimechukua kompyuta tatu za stoo ambazo hakuna anayezililia, nikaziwekea toleo jipya. Mbili zinakwenda vizuri, hata nimezipenda. Ya tatu imekataa printa. Printa ni ileile, waya ni uleule, lakini wanaangaliana kama watu waliogombana kanisani. Nimeshinda nayo siku nne, na bado. Fikiria hiyo ya tatu ingekuwa ya kwako na mashati yako. Kwa hiyo narudia: usiguse.

Redio inaitwa Winnie. Anafanya kazi idara ya manunuzi, kwao ni Bunda. Familia yao ni Wamenoniti, babu yake alikuwa mchungaji, sasa wewe vuta picha Baba akisikia hilo kabla hajamaliza chai yake. Ni mtu mzuri, Shangazi. Tunaelewana. Mambo yametulia hivi yalivyo na sitaki kuyatikisa. Nitamwambia Baba wakati ukifika. Naomba usinitangulie.

Laurean


Dutwa
29 Juni 2025

Mwanangu mpendwa,

Mwangaluka. Usishangae mwandiko, kalamu hii ni ya Marcelo na inavuja. Kompyuta inapumzika.

Huku mhola duhu, hakuna neno kabisa. Mvua imekata, njia ni vumbi tupu. Mzee Maganga anakusalimu. Siku hizi anakula kidogo na amekuwa akiamka mapema kufagia duka langu, kazi ambayo hajawahi kuifanya tangu anioe.

Nina swali. Si langu, ni la jirani. Si Marcelo, ni jirani mwingine, humjui. Huyu jirani ana kompyuta, na kwa bahati mbaya tu toleo jipya limeingia, akiwa hayupo. Angependa kujua kama mtu aliyekwisha kuingia huko anaweza kurudi alikotoka, na kwa njia gani. Ukijibu upesi utakuwa umemsaidia sana. Jirani hana raha.

Kuhusu Winnie, nimefurahi. Nitakuandikia vizuri siku nyingine.

Shangazi yako


Dodoma
10 Julai 2025

Shangazi,

Shikamoo. Mpe jirani pole.

Barua yako nimeipata jana. Kondakta wako aliugua, bahasha ikalala kwenye ofisi ya basi pale Maswa zaidi ya wiki. Nilipoona mwandiko wa mkono, sikuhitaji kusoma ndani. Miaka yote hii hujawahi kuniandikia kwa kalamu tangu ununue kompyuta.

Nilikupigia hapo hapo. Ukasema "mhola duhu", ukasema mtandao unakata, ukakata. Mtandao wa Dutwa ulikuwa mzima, maana nilimpigia Marcelo dakika ileile akapokea. Nilitaka kumwuliza kinachoendelea, nikaona nitakuwa nakuchungulia nyuma ya mgongo wako, nikamwuliza bei ya karatasi. Ananitumia boksi mbili.

Jibu la jirani ni hili, na sipendi kuliandika. Njia ya kurudi ipo. Iko ndani ya mipangilio, mtu anabonyeza na kompyuta inarudi kwenye toleo la zamani na vitu vyake vyote. Ila njia hiyo inakaa wazi siku kumi tu tangu toleo jipya liingie, kisha inafungwa. Nimetazama tarehe ya barua yako, nimetazama kalenda, nimekaa chini. Kama jirani hakuiona mwenyewe, imeshafungwa.

Sikasiriki. Nataka kusaidia tu, na siwezi kumsaidia jirani nisiyemjua. Mashati mangapi bado?

Laurean


Dutwa
16 Julai 2025

Laurean,

Sawa. Jirani ni mimi.

Nilikuwa nimekwenda Bariadi mjini kununua uzi mweupe. Nikamwachia Mzee Maganga duka. Akakaa mbele ya kompyuta kuangalia picha za wachezaji wake, ujumbe ule ukaja. Akabonyeza baadaye. Akaangalia picha mbili tatu, ukaja tena. Akabonyeza baadaye. Ukaja mara ya tatu.

Niliporudi nilimkuta amesimama pembeni ya meza, mikono nyuma, kwenye kioo linazunguka duara la vidoti. Nikamwuliza amefanya nini. Unajua alivyonijibu?

"Mama Esteria, mtu amekuja mlangoni kwangu mara tatu. Hakupaza sauti, hakusukuma, ameuliza kwa adabu. Mara ya tatu nimwambie tena baadaye? Mimi Maganga? Wangesema nimekuwa mtu wa namna gani? Nikamkaribisha."

Sasa wewe umelelewa nyumba hii. Unajua kwamba hata Selestini akipita hapa anapewa kigoda na uji kabla ya kuulizwa ana shida gani. Mtu aliyeishi hivyo miaka sitini utamwambia nini? Nilitaka kupiga kelele, nikamtazama uso, nikaenda kuchemsha chai.

Kompyuta inawaka vizuri, ina rangi ya anga, inapendeza. Lakini mashine ya kudarizi haiijui. Wamekaa meza moja miaka sita, leo haiijui! Marcelo amehangaika nayo mpaka akanyamaza, na Marcelo kunyamaza ni jambo kubwa. Mashati ishirini na mawili yamekwisha, kumi na nane bado. La Mzee mwenyewe limo kwenye hayo kumi na nane kwa sababu alijiweka wa mwisho. Anasema atacheza kifua wazi na wala haoni vibaya. Anasema hivyo huku anafagia. Jana Selestini alipita na baiskeli, akanisalimia kwa utamu uliozidi, nikajua habari zimefika.

Simu yako nilikata kwa sababu Mzee alikuwa amekaa mbele yangu. Ningesemaje "ni yeye" naye ananisikia? Na sikukuandikia wazi kwa sababu uliniambia usiguse mara mbili, na mimi ndiye niliyebaki na intaneti ya watu.

Naogopa, Laurean. Nimeshona tangu nikiwa msichana na sijawahi kumrudishia mtu kitambaa chake bila kazi. Nane Nane hiyo inakuja. Fanya chochote.

Shangazi yako,
Perpetua


Dodoma
22 Julai 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mwambie Mzee aweke ufagio chini. Kosa hilo limefanywa na watu wenye shahada, na hao hawakuwa hata na sababu nzuri kama yake.

Nimefikiria hivi. Ile kompyuta ya tatu ya ofisini nilipambana nayo karibu mwezi kabla haijakubali printa, kwa hiyo najua kwamba kulazimisha toleo jipya limtambue mtu lisiyemfahamu si kazi ya wiki mbili. Tusiilazimishe. Ninayo laptopu yangu ya chuo, ilikuwa chini ya kitanda. Ni nzito kama tofali na betri imekufa, lakini ina toleo la zamani, na ina mahali pa kutia sidii. Programu unayo kwenye sidii, michoro unayo kwenye flashi ndani ya kopo la vifungo. Vyote vitatu vikikutana, mashine inaweza kuamka. Nasema inaweza.

Ningekuja mwenyewe leo. Nimeomba ruhusa, nimenyimwa, maana tumeanza kuhamisha kompyuta za ofisi, idara moja moja, kwa kufuata pembe ya shamba la Mzee. Kwa hiyo anayekukabidhi barua hii ni Winnie. Anakwenda likizo kwao Bunda, na njia inapita kwenu. Nimemwomba ashuke Dutwa alale usiku mmoja.

Tafadhali elewa tofauti, Shangazi. Sijamleta. Amebeba laptopu.

Nimeambatanisha maelekezo, kurasa tatu. Yasomeni yote kabla ya kuwasha chochote. Na laptopu hiyo isiguse intaneti ya Marcelo hata siku moja.

Laurean


Dutwa
11 Agosti 2025

Mwanangu Laurean,

Mwangaluka, mwangaluka mara mbili! Naona nimerudi kuchapa. Kompyuta hii ya toleo jipya kwa barua haina tatizo, herufi zinateleza kama zimepakwa samli.

Nianze na salamu. Mzee mzima, anakula. Ndama Dodoma amekula ukurasa wa pili wa maelekezo yako. Wa kwanza tuliufunikia maandazi. Wa tatu sijui.

Winnie alishuka kwenye basi na tofali lako kichwani, mgongoni begi, akaniamkia, nikaijua sauti. Nikamwambia apumzike kwanza, akasema, "Shangazi, Laurean ameniambia una hofu. Tuondoe hofu, halafu ndiyo nipumzike." Akachomeka waya, akatia sidii, akatia flashi. Mimi nimefumba macho. Mzee amesimama mlangoni kama anayesubiri kuitwa na daktari. Mashine ikakohoa, ikanyamaza, ikaanza kutembea. Nilimkumbatia binti wa watu nikiwa na sindano mdomoni.

"Umefanyaje?" nikamwuliza.

"Sijui Shangazi, mimi ni wa manunuzi. Nimechomeka tu."

Alitakiwa kulala usiku mmoja, alikaa siku tatu. Mimi nadarizi, yeye anakata nyuzi na kupiga pasi, Mzee anatuletea mahindi ya kuchoma kila tukigeuka. Mashati yote arobaini yalikwisha. Wachezaji waliposikia kisa cha kubisha hodi mara tatu, wakakataa jina la zamani la Mzee. Mgongoni kwake sasa imeandikwa SASA. Alinuna mpaka alipolivaa.

Nyakabindi tumekuwa wa pili. Selestini wa kwanza, na kusema kweli walicheza vizuri, sitaki dhambi. Lakini umati ulikuwa nyuma ya watu wetu, wanasoma migongo. Radi ya Kwanza aliangusha jembe kwa sababu ya kugeuka sana ili asomwe. Na Selestini mwenyewe amekuja jana, amekunywa uji, ameuliza mwakani nina nafasi. Laptopu yako nimeitengea meza yake, inadarizi tu, intaneti haiijui wala haitaijua. Hii nyingine ndiyo ya barua na wateja. Kila moja na shamba lake.

Sasa keti.

Winnie alipokuwa akirudi kutoka Bunda alipitia uwanjani kutuona. Baba yako naye alikuwepo, jua kali, amekaa kwenye benchi amechoka. Winnie akampelekea maji, akapiga magoti akampa, akamwuliza habari za safari. Hakujua ni nani. Baba yako akanivuta pembeni.

"Yule binti wa nani?"

"Fundi wa kompyuta," nikasema.

"Laurean angepata mtu wa namna ile, mimi ningelala usingizi," akasema. "Lakini yule mtoto wako, kila ukimwuliza ni baadaye."

Ulimi uliniwasha, Laurean. Uliniwasha mpaka nikauma kanga yangu. Nikanyamaza kwa sababu uliniomba, na hili si shati, siwezi kukudarizia.

Nimempenda, nasema wazi. Siku ile ya tatu nilimwuliza kama hachoki kungoja. Akacheka, akasema uzi umekatika, na uzi ulikuwa mzima. Wewe unasema mambo yametulia. Kwako yametulia. Uliniandikia kwamba njia ya kurudi nyuma inafungwa baada ya siku kumi. Hukuniandikia kwamba hata ya kwenda mbele haikai wazi milele, ila najua unajua. Mimi sitakuuliza tena. Salamu nyingi kutoka kwa wote.

Shangazi yako anayekupenda,
Perpetua


Dodoma
14 Oktoba 2025

Shangazi,

Shikamoo. Leo ndiyo siku yenyewe, toleo la zamani linaagwa. Ofisini tumemaliza wiki iliyopita. Kulikuwa na kelele idara ya uhasibu, printa mbili zilinuna, simu yangu haikupumzika, lakini hakuna kilichokufa. Nilikaa nikitazama zile kompyuta zote zinawaka na nikajisikia mjinga kidogo. Niliandika kurasa kumi na nne kwa woga, kisha nikaziita ripoti.

Samahani kwa ukimya wa miezi hii miwili. Barua yako ilikuwa kwenye mfuko wa shati mpaka ikachanika kwenye mkunjo. Niliogopa, Shangazi. Nilikuwa na kitu kizuri na niliona nikikigusa kitaharibika. Winnie hajawahi kunisukuma hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Mwezi uliopita nilimpigia Baba. Nilikuwa nimejiandaa kueleza kuhusu Wamenoniti, babu mchungaji, ndoa itafungiwa wapi, nimeandika pembeni na hoja za kujibu. Nikasema anaitwa Winnie, kwao Bunda, ndiye aliyempa maji Nyakabindi. Nikasikia kikombe kinawekwa mezani. Kisha akasema, "Fundi wa kompyuta?" Nikasema ndiye. Akasema, "Sasa mlikuwa mnangoja nini?" Mambo ya kanisa anasema atayazungumza na wazee wa kule mwenyewe, na ameshaanza kusoma ili asishindwe hoja.

Kwa hiyo nina ombi, na hili si lako, ni la Mzee Maganga. Desemba tunahitaji mtu atangulie Bunda kwa wazazi wa Winnie, akabishe hodi kwa niaba yetu, aseme shida iliyotuleta. Nimefikiria wote ninaowajua. Hakuna anayeheshimu mlango wa mtu kama yeye. Aende na shati lake, mgongo uonekane.

Mimi nitakuja Dutwa kabla ya hapo. Safari hii namleta Winnie, na habebi kitu.

Mwanao,
Laurean

Shikamoo Shangazi. Kalamu nimemnyang'anya. Mwambie Mzee akifika nyumbani kwetu Bunda asihangaike kubisha mara tatu. Nimeshaongea na mama, moja inatosha.
Winnie